Waya Uliopita Juu ya Paa Langu

Siku tuliyomzika babu yangu mzaa baba, mtu mzima mwenye mvi aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akafumba macho, akakataa kutoka.

Ilikuwa upande wa Sikonge, na mimi nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka hayajarudi. Watu wamesimama na majembe, maiti iko juu ya kitanda cha kamba, na yule mtu kule chini anasema, "Nyumba hii nimeipenda. Mpagazi wenu mtafutieni nyingine." Wanawake waliokuwa wanalia mpaka kamasi zinawatoka wakaanza kucheka. Hilo ndilo lililoniudhi. Nikaokota bonge la kichuguu, gumu kama tofali, nikamtwanga nalo usoni. Puani ikamtoka damu.

Baba alinichapa palepale, mbele ya babu aliyelala. Yule mtu akapanda kutoka kaburini na damu zake, akamshika baba mkono. "Mwache," akasema. "Sasa naamini ni mjukuu wake. Babu yake naye hakuwa na adabu."

Nyumbani baba akanieleza. Yule alikuwa Mzaramo, mtani wetu. Wazee wa wazee wetu walibeba pembe na mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu, na kabla hujaiona bahari unalala kwa Wazaramo. Wakanyang'anyana chakula, wakatukanana, wakauguzana, wakazikana, ndipo utani ukazaliwa. Mtani akikutukana unacheka. Akiondoka na jogoo wako unacheka. Akilala kwenye kaburi la babu yako unampa kitu atoke, na unacheka. "Ukimkasirikia mtani," baba akasema, "umenivua nguo mimi."

Basi nimecheka zaidi ya miaka sitini. Nimechoka, na nataka niseme niliacha lini na kwa nini, kwa sababu huko Tabora wanasema niliacha kwa ajili ya intaneti. Waongo. Ingawa intaneti imo.

Shule niliishia la tatu. Kusoma nilikuja kukumalizia mwenyewe, kwa maandishi ya magunia ya tumbaku na vibao vya barabarani. Utu uzima wangu nimeumalizia kwenye makampuni ya barabara, nikiendesha boza, lile gari la maji linalomwagia vumbi ili greda lipite. Kazi ya kijinga lakini tulivu. Unamwaga maji, jua linayakausha, unarudi unamwaga tena.

Sasa, kambi yetu ya mwisho ilikuwa nje kidogo ya mji wa Tabora, na injinia, mgeni kutoka nje, alikuwa akilala kwenye karavani. Nasema karavani kama alivyosema yeye. Ni chumba cha alumini chenye magurudumu mawili, kinavutwa na gari. Ndani kuna kitanda kinachokunjwa ukutani, meza, beseni la kunawia, na vidirisha viwili vyenye pazia. Siku ya kwanza alipolitaja neno hilo nilimwambia, kwetu karavani ni watu wanaotembea na mizigo kichwani, si chumba. Alicheka, akasema ni neno lilelile. Barabara ilipokwisha wakafunga kambi, na karavani ilikuwa imepinda chuma cha chini, haifai kuvutwa kwa kasi. Injinia akaniandikia karatasi kwamba ni yangu. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Mke wangu alikuwa ameshafariki. Nyumba yetu ya Sikonge ilikuwa nzima, ya tofali za kuchoma, lakini kila nikiingia chumbani nilisikia kikohozi chake. Nikahamia kwenye karavani. Watu wakasema mzee amechanganyikiwa. Nilikuwa sijachanganyikiwa, nilikuwa nimepata mahali pasipokohoa. Miaka ya mwanzo nilihama nayo pole pole, ikivutwa na trekta la mpwa wangu: msimu wa mpunga niko Lusu kwao, wakati wa asali niko Ipole kwa mdogo wangu, kisha narudi Tabora. Trekta likafa, nikabaki Tabora, kwenye uwanja wa mtani.

Huyu mtani wa pili ndiye mwenye habari yenyewe. Naye Mzaramo, mstaafu wa reli, aliletwa Tabora na kazi akaoa hukohuko, hakurudi pwani. Kule kambini alikuwa mtunza stoo. Tulipofungiwa kambi aliniambia, "Lete hilo sanduku lako kwangu. Uwanja ninao, nimekosa mtu wa kumtukana." Nikaenda. Na tangu trekta life, miaka saba mfululizo karavani yangu ilisimama nyuma ya nyumba yake, hatua ishirini kutoka jikoni kwake.

Asubuhi namwambia mwangaluka, kwa salamu ya kwetu. Yeye anajibu, "Mpagazi, bado hujafa?"

"Namsubiri mla nazi atangulie, nimchukulie viatu."

"Viatu vyangu havitaingia mguuni kwako. Mguu wa kubeba mizigo una vidole saba."

Mkewe anapika huku anacheka. Nikila michembe, yale mabamba ya viazi vilivyokaushwa, anauliza kama nimeanza kutafuna ngozi ya kiatu. Wageni wakija nyumba ile walidhani tunataka kuuana. Huo ndio ulikuwa urafiki wetu, na sitaki kusema ulikuwa mdogo.

Asubuhi moja nilikuwa nashuka kwenye karavani, nikaona dunia imegeuka upande. Presha. Nilianguka na shavu kwenye tope nikabaki hivyo, naona miguu ya kuku inapita. Mdomo haufunguki. Jua likapanda mpaka likanifika mgongoni. Mtani ndiye aliyenikuta. Alianza, "Mpagazi, mzigo umeutua wap..." halafu akaona povu. Alilia kama mtoto, akanibeba yeye mwenyewe mpaka barabarani, na yeye mgonjwa wa goti. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimemsamehe.

Binti yangu ni nesi, yuko Mwanza. Akaja. Alikaa siku nne kwenye karavani, anagonga kichwa kwenye kabati kila akiinuka, na kila akigonga hasira inaongezeka. Siku ya nne akatoa kamera kwenye mkoba, jicho jeupe la ukubwa wa chungwa, akaliweka juu ya kabati.

"Baba, chagua. Nikuone kila siku kupitia hii, au uje ukae kwangu."

"Nimekaa kwako."

"Wiki mbili!"

"Zilinitosha."

Na zilinitosha kweli. Nyumba ya vigae, nikitembea nahesabu hatua kama niko juu ya mawe ya mtoni. Geti limefungwa, ufunguo anao dada wa kazi, na huyo dada anapiga simu, "Mama, babu amekataa uji." Nikiuliza kwa nini nisitoke naambiwa nitapotea. Mimi, niliyeendesha boza kutoka Nzega mpaka Sikonge na kurudi, nipotee mtaani Mwanza! Chakula kizuri, kitanda kizuri, na nilikuwa mahabusu.

"Nakupa mpaka Pasaka," binti akasema. "Nikija Pasaka, kama hii kamera haifanyi kazi, nakubeba. Usinicheke, baba. Nakubeba."

Nikajua atanibeba. Ana mikono ya mama yake.

Intaneti ya simu tuliijaribu. Lakini karavani ni alumini pande zote, ukifunga mlango simu inakufa kama umeitia ndani ya sufuria. Mlango ukiwa wazi picha inafika, inakwama, inafika tena. Siku moja nilikuwa namenya viazi, nikapiga mwayo, na picha ikakwama huko Mwanza nikiwa mdomo wazi, kichwa upande, kisu mkononi. Binti akaniita, kwangu sauti haifiki. Akampigia mtani analia, "Baba ameganda! Baba ameganda!" Mtani akatoka bafuni na taulo, sabuni kichwani, anachechemea mbio, akanikuta naosha kiazi.

"Umeganda?" ananiuliza anahema.

"Nimeganda vipi?"

"Mpagazi, utaniua wewe. Weka waya."

Kwa hiyo wazo la waya lilikuwa lake. Alisema kampuni imeanza kupitisha faiba kwenye nguzo za mtaa wetu, waya unaingia mpaka ndani, kisanduku kinakaa mezani, na alumini haina habari nao.

Nikaenda ofisini kwao mjini. Kaunta kulikuwa na baba mmoja wa makamo, tai imemkaba mpaka macho yametoka. Shikamoo yake aliitoa bila kuniangalia.

"Namba ya nyumba?"

"Haina namba."

"Kibao cha anwani hamkuwekewa?"

"Walipita wakaweka kwa jirani. Mimi walisema ni gari."

Hapo akaniangalia. "Mzee unaishi kwenye gari?"

"Karavani."

"Ina magurudumu?"

"Mawili."

"Basi gari. Faiba hatuweki kwenye gari, mzee. Utaondoka nayo."

"Gari gani halina injini? Halina usukani? Halina taa?"

"Tela," akasema, ameridhika kabisa. "Hilo ni tela." Akamwita wa nyuma yangu.

Nilisimama pale makusudi. Wa nyuma yangu akaanza kujaza fomu juu ya bega langu. Tai yule akaniambia nimwone mtendaji wa mtaa, wakinipa namba nirudi. Nilimwambia tai yake imfunge vizuri, isije ikamwachia akapumua. Hakuelewa. Ndiyo watu wanaogawa intaneti hao.

Mtendaji wa mtaa ni mama, na alikuja mwenyewe mpaka uwanjani, hilo nampa. Akaizunguka karavani, mtani anatazama kutoka barazani, akaisukuma kwa kiganja, ikatingishika.

"Mzee wangu, nyumba ni kitu chenye msingi. Hiki upepo ukija kinaondoka."

"Upepo ukija ni bati zenu zinazoondoka, mama. Hii imekaa miaka saba."

"Toa magurudumu. Weka msingi. Mwenye kiwanja aseme mbele yangu kwamba wewe ni mkazi wa hapa. Nitakupa namba, na hao wa waya nitakuja nao."

Ngoja niseme kitu kuhusu magurudumu. Nilikuwa siendi popote. Trekta lilikufa, chuma cha chini kimepinda, mpira mmoja umepasuka. Lakini kila asubuhi nilikuwa naupiga teke ule mpira mzima kama nilivyofanya na boza miaka yote, na moyo unajua kwamba nikitaka naondoka. Siku niliyoyafungua nilifungua nati moja, nikakaa, nikanywa chai. Nikafungua ya pili, nikakaa. Fundi mwashi ananisubiri na zege linakauka, anasema, "Mzee, unamzika nani?" Nikayafungua yote mawili nikayasukumia chini ya kitanda. Tukazungusha tofali pande nne, tukapiga plasta. Karavani ikawa imechuchumaa kama kuku anayelalia.

Mtani alikuwa barazani kwake, anatazama. Siku nzima hakunitukana hata mara moja. Jioni akasogea mpaka kwenye plasta mbichi, akaigusa kwa kidole.

"Unajenga?"

"Najenga."

"Ahaa," akasema, akarudi kwake.

Hapo ndipo ningekuwa na akili ningejua. Mtani akinyamaza kuna jambo. Lakini nilikuwa nafikiria Pasaka, nafikiria vigae vya Mwanza.

Wiki iliyofuata mtendaji akaja na dada wa vipimo, mtu wa kampuni ya waya. Mwanamke wa kama miaka thelathini na tano, buti, kofia ngumu, kile kibao cha kuandikia kwa kidole. Kwa matamshi yake alikuwa wa kaskazini, mbali huko. Akapima kutoka nguzoni, akapima urefu wa ukuta, akagonga alumini, akasema inawezekana kabisa. Moyo wangu ukafurahi. Akamgeukia mtani.

"Mzee, wewe ndiye mwenye kiwanja?"

"Ndiye mimi."

"Na huyu mzee anaishi hapa kwa kudumu?"

Mtani akanitazama. Akaweka mikono kiunoni, akainua sauti yake ya utani, ninayoijua.

"Huyu? Huyu simjui! Huyu ni mpagazi, dada yangu. Anapita. Ametua mzigo apumzike kidogo, kesho asubuhi anaendelea na safari yake ya pwani. Na akiondoka hesabuni kuku!"

Mkewe akacheka jikoni. Mtendaji, ambaye ni mtu wa Nzega na anajua mambo haya, akacheka. Na mimi, hilo ndilo siwezi kulimeza mpaka leo, nilicheka kuliko wote. Nilicheka nikashika ukuta. Nikamjibu, "Kuku wenyewe wana harufu ya papa, nani awachukue!" Tukapigana viganja.

Dada wa vipimo peke yake hakucheka. Kwao utani wetu hawaujui. Alikuwa anaandika kwa kidole, pole pole, kama mtu anayeandika maneno ya mgonjwa. Kisha akamuuliza mtani kama yeye mwenyewe angependa waya kwenye nyumba yake kubwa, kwa kuwa nguzo iko karibu. Mtani akasema angependa. Akaweka sahihi.

Siku ya tatu ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Niliusomea mlangoni, ndani haushiki. Ombi lako halikukubaliwa. Sababu: makazi ya muda, mwombaji yuko safarini.

Nilidhani ni kosa dogo. Nikaenda barazani. "Mla nazi, umeniharibia. Yule dada ameandika kweli. Vaa viatu twende mjini ukaseme naishi kwako."

Akasoma ujumbe. "Wajinga hawa," akasema. "Hawajui utani?"

"Ndiyo twende."

"Goti linauma leo. Kesho."

Kesho yake alikuwa na mgeni. Keshokutwa yake aliamka na mafua. Siku ya nne nikamkuta amevaa viatu, anatoka kwenda kuswali, goti zima. Nikamsimamisha palepale.

"Niambie. Utakwenda au huendi?"

Akatazama chini. Sijawahi kumwona anatazama chini. Kisha akasema bila utani, sauti ya stoo, ile ya kukuambia kwamba koleo zimekwisha.

"Nikisema kwenye karatasi ya serikali kwamba wewe ni mkazi wa kudumu, na una namba, na una msingi wa zege kwenye kiwanja changu, mimi nikifa wanangu watafanya nini na wewe? Au wewe ukifa, binti yako akija na hiyo namba? Nimeona watu wanavyouana kwa uwanja. Ulipoweka msingi hukuniuliza."

"Mtendaji alisema mbele yako!"

"Alisema yeye. Wewe hukuniuliza."

"Kwa hiyo siku ile hukutania."

"Nilitania."

"Hukutania."

Akatazama upande wa msikiti. Akasema, "Nilitania na nilimaanisha. Sasa nichelewe swala kwa ajili yako?" Akaondoka.

Na ukweli, kwa uwanja wake alikuwa na haki. Sikumuuliza. Hilo nimelifikiria sana hapa Ipole ninapoandikia, kwa mdogo wangu, na kila nikilifikiria nalikuta ni kweli na hasira haipungui. Angekuja mlangoni kwangu aniambie, ondoa tofali zako. Ningeondoa, ningetukana, tungekula. Lakini alichukua kitu cha baba yangu na cha babu yangu, kile nilichochapiwa makaburini, akakifanya kichaka cha kujificha. Na mimi kwenye kichaka hicho nikampigia makofi.

Mafundi wa waya wakaja kwake. Sasa sikia. Nguzo iko upande wangu, na nyumba yake iko mbele, kwa hiyo waya ulipaswa kupita juu ya karavani. Nilikuwa ndani nakunywa chai nikasikia buti juu ya kichwa changu. Alumini inabonyea, inarudi, inabonyea. Fundi alipigilia kishikio kwenye kona ya paa langu bila kubisha hodi, akaupitisha waya mweusi, akaendelea kwa mtani. Kwa hiyo nikawa na waya. Ulikuwa sentimita chache kutoka kwenye kamera ya binti yangu, unapita, unapeleka intaneti kwa mtu mwingine.

Nilitoka nikamtukana yule fundi matusi ambayo sikuwa nimeyatumia tangu siku za boza. Akasema, "Mzee, mimi nimeambiwa hapa hakai mtu."

Baada ya chakula cha mchana mtani akaja na sahani ya visheti. Hajawahi kuniletea kitu kwenye sahani, siku zote tunanyang'anyana. Akasimama nje ya mlango.

"Mpagazi. Kisanduku kimewekwa. Kina majina mawili, la nyumba na la wageni. Nitakuvutia kawaya kadogo mpaka kwako, utumie la wageni. Binti yako atakuona vizuri tu."

"La wageni."

"Jina tu hilo. Ila kila asubuhi uje uombe kwa adabu," akaanza kuchekelea, anatafuta ile sauti yetu, "upige magoti useme, naomba intaneti bwana mkubwa..."

Sikucheka. Nilimpokea sahani kwa mikono miwili, nikainama kidogo.

"Ahsante sana, mzee wangu," nikasema. "Shikamoo."

Asiyejua mambo yetu ataona nilimheshimu. Yeye ni rika langu na ni mtani wangu; shikamoo haijawahi kupita kati yetu. Nilimwona uso unavyomshuka. Alisubiri niongeze kitu, hata tusi moja. Sikuongeza. Akaondoka. Visheti sikuvila, nikawapa kuku wake.

Binti nilimpigia nikasimama kwenye nguzo. Akaniambia, "Baba, chukua hiyo ya wageni. Una shida gani? Intaneti ni intaneti." Nikamwambia mimi si mgeni. Akasema, "Kwa nini unapigana na jina?" Nikakata simu. Alikuwa na haki naye. Kila mtu katika habari hii ana haki, na wote nilikuwa nawachukia.

Wiki tatu zilizobaki nilimheshimu mtani mpaka akakonda. Asubuhi, "Shikamoo mzee, umeamkaje? Na mama hajambo? Mungu awazidishie." Siku za kwanza alijaribu. "We mpagazi, acha ujinga." Mimi, "Samahani, mzee, kama nimekukosea." Akanirushia ganda la muwa. Nikaliokota, nikalitia kwenye takataka, nikamshukuru. Mkewe alikuja akaniomba, "Shemeji, mtukane tu, hata mara moja, hali chakula." Nikamwambia mama, sina tusi lolote kwa mzee yule. Mkewe akalia. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa namrushia bonge la kichuguu kila siku, na safari hii hakuwepo baba wa kunichapa.

Ikafika Alhamisi, kesho yake Ijumaa Kuu. Binti alikuwa ameshatuma ujumbe: anakuja na gari la kukodi lenye nafasi ya kitanda, niwe nimefunga nguo. Nikachungulia chini ya kitanda. Magurudumu yako pale yananuka mpira. Nikapiga hesabu ya kuvunja tofali, kufunga magurudumu, kupata trekta. Kisha nikaona upuuzi wenyewe. Nilikuwa na miguu.

Nilichukua karatasi ya injinia, radio, blanketi, vidonge vya presha na mfuko wa michembe. Kamera nikaigeuza itazame mlango, kwa binti, akija aone niliondoka kwa mlango na kwa hiari, ingawa kamera yenyewe ilikuwa haioni kitu, haikupata waya. Ufunguo nikauacha kwenye kitasa.

Ilikuwa asubuhi, jua la saa tatu, na njia ya kutokea iko moja tu, mbele ya baraza. Mtani alikuwa amekaa na kikombe. Nilipita nikasema, "Shikamoo mzee." Akaweka kikombe chini. Alitazama mfuko, akatazama blanketi begani, akaelewa.

Nilikuwa nimeshafika barabarani aliposimama. Nikasikia kiti kimeanguka.

"We mpagazi!" Sauti ile ile, ya zamani, lakini ndani yake imepasuka. "We mla viatu! Umesahau mzigo wako! Huu hapa, nani ataubeba?"

Watu wa barabarani wakageuka wakacheka, wanadhani ni utani. Najua alikuwa ananionyesha karavani. Jibu nilikuwa nalo, tena zuri, lilikuwa limefika kwenye ulimi.

Nikashika njia ya Sikonge, sikugeuka, na pale uwanjani sijarudi.